Jando mara moja, unyago maisha yote

Mnada wa korosho ukishalipa, kusini ngoma hulia. Minada hufunguliwa Oktoba, fedha huanza kuingia kwenye akaunti za wakulima wiki chache baadaye, na ifikapo Desemba, shule zikiwa zimefungwa, barabara ya Masasi kwenda Newala haipitiki bila kukutana na turubai, masufuria makubwa na spika zilizopangwa kama ukuta. Mkunya, Kitangari, Mnyambe, kila mahali kuna mwenye shughuli. Nguo za wali, watoto watakaochezwa, zimekwisha nunuliwa, mchele umekwisha agizwa. Wapo wanaouza korosho changa kwa walanguzi wa kangomba miezi kadhaa kabla ya msimu, kwa bei ya hasara, ili mtoto wao asibaki nyuma wenzake wanapochezwa.

Siku ya kutolewa, mwali wa kike hubebwa mabegani. Juu yake kuna mwavuli, mwilini kanga mpya, usoni poda na miwani ya jua, na kichwani noti zilizobanwa kwa pini moja moja kadiri watu wanavyomtunza. Hacheki. Macho yake yameelekezwa chini, na kama akisahau akayainua, somo wake aliye pembeni humkumbusha kwa kidole. Uwanja huo huo, au wa jirani, mvulana aliyetoka jandoni ameketi mkekani na kofia mpya na viatu vyeupe, naye akitunzwa, naye akitangaziwa jina lake jipya. Mgeni kutoka mikoa mingine huona hapa jambo la kupendeza: binti anafanyiwa shughuli kubwa kama ya kaka yake, wakati mwingine kubwa zaidi. Kwa maturubai na pilau, usawa upo.

Ratiba ya mafunzo ndiyo isiyolingana.

Chukua desturi ya Wayao, ambao pamoja na Wamakonde, Wamakua na Wamwera ndio wenyeji wa kona hii ya nchi. Msichana huanzia kwenye chiputu, unyago wa kwanza, akiwa bado mtoto. Akivunja ungo, huwekwa ndani tena na kupewa mafundisho yanayolingana na hali yake mpya. Akiolewa na kupata mimba ya kwanza, huchezewa litiwo, shughuli ya wanawake watupu, na humo hufundishwa mambo ya ujauzito: anachokula, anachoepuka, namna ya kuishi na mumewe wakati huo, dalili za hatari, uchungu wa kuzaa. Wamakonde na Wamakua wana majina yao na mpangilio wao, lakini mkondo ni huo huo. Na hata baada ya hapo mwanamke hajahitimu. Anaweza kuwa somo wa binti mwingine, akapanda akawa kungwi, na wachache wakafika kuwa nyakanga, mwenye kauli ya mwisho kumbini. Kila msimu anarudi darasani, safari hii akiwa mwalimu, na kila akirudi anasikia upya yale aliyoyasikia akiwa mdogo, pamoja na mengine aliyofichwa kwa sababu umri wake ulikuwa haujafika.

Mvulana anakwenda jandoni mara moja. Basi.

Zamani walau hiyo mara moja ilikuwa ndefu. Vijana wa likumbi, kambi ya jando, walikaa porini wiki nyingi, pengine miezi, wakiwa wamekwisha kukomaa kiasi kwamba mafundisho ya ndoa yaliwahusu kesho yake tu. Leo anayepelekwa ni mtoto wa darasa la kwanza au la pili, mara nyingine hata shule hajaanza. Anakatwa na ngariba au na mganga wa zahanati, kidonda kinapona ndani ya likizo, anatoka, anacheza mpira. Nani atamweleza mtoto wa miaka sita kuhusu mimba? Haelezwi, na haifai kuelezwa. Anafundishwa asimwogope nyoka, amsalimie mkubwa, asiingie chumba cha mama yake bila hodi. Akifika miaka kumi na minane, umri ambao angehitaji kujua mwili wa mwanamke unafanyaje kazi na yeye ana wajibu gani, hakuna ngoma inayomwita. Amekwisha chezwa.

Hapo ndipo ninapoona shina la mambo mengi tunayoyalalamikia kusini. Elimu ya uzazi imefanywa mali ya wanawake, ikalindwa vizuri, ikapangwa kwa hatua, ikapewa walimu wenye vyeo. Mwanamume ameachiwa tohara na jina. Kisha tunashangaa kwamba mimba ikiingia mahali isipotakiwa anaulizwa msichana, na mimba isipoingia mahali inapotakiwa anaulizwa mke.

Siri za kumbini sizitoi hapa, na hazihitajiki. Miaka mingi sasa unyago umesemwa vibaya kwa sababu ya nyimbo zake na lugha yake isiyo na staha kwa sikio la mgeni. Nyimbo hizo haziniumizi kichwa. Wazanzibari wengi husema unyago wao ulivuka bahari na watu waliotoka huku kusini, wakiwemo watumwa, na Bi Kidude, mwimbaji wao aliyefariki Aprili 2013, alisifiwa duniani kote kwa ngoma hiyo hiyo ambayo Newala inaonekana ya kishamba. Kinachoniumiza kichwa ni yaliyomo katika mafundisho kuhusu nani anawajibika kwa nani. Binti hufundishwa kumtunza mume, kumridhisha, kumstahi, kumficha aibu zake. Ni mafundisho yenye hekima ndani yake, hasa kuhusu usafi na mwili wake mwenyewe, na wanawake wengi walioyapitia huyatetea kwa nguvu. Lakini yanaelekea upande mmoja. Ukiuliza mvulana alifundishwa nini kuhusu kumtunza mke, kumsikiliza anapokataa, kuhesabu siku pamoja naye, kumsindikiza kujifungua, utajibiwa kwamba hayo mwanamume huyajua mwenyewe akioa.

Zamani mpangilio huu ulikuwa na sababu. Makabila ya huku hufuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Kwa Wayao na Wamakua, mwanamume aliyeoa alihamia kwao mke, akalima shamba la wakweze, akaishi akiangaliwa. Ndoa ikivunjika, aliondoka na jembe lake, watoto walibaki. Katika nyumba ya namna hiyo, mume ni mgeni anayesaidia ukoo kuendelea. Ukoo wenyewe unaendelea kupitia matumbo ya mabinti zake, kwa hiyo ni akili ya kawaida kwamba elimu ya uzazi ikabidhiwe kwa mabinti hao, tena kwa siri, mbali na masikio ya mgeni huyo. Mwanamume hakuhitaji kujua sana kwa sababu hakumiliki sana. Furaha ya kuzaa mtoto wa kike, ambayo mikoa mingi ya nchi hii imejifunza juzi juzi kwenye semina, kusini ilikuwapo kabla ya semina.

Kisha mambo yakabadilika bila mtu kuitisha kikao. Uislamu ulienea kwa kasi huku kusini katika miongo ya mwanzo ya karne iliyopita, ukaleta mirathi ya baba kwa watoto na jina la baba baada ya jina la mtoto. Serikali ikaja na fomu zake: jina la baba, jina la babu. Na ikaja mikorosho. Muhogo ukishang'olewa shamba halina ushahidi wa nani alilima, lakini mkorosho unasimama miaka arobaini na zaidi, na aliyeupanda anataka mwanawe aokote korosho chini yake, wala si mpwa wake. Taratibu baba akapata sauti juu ya mali, juu ya watoto, juu ya idadi ya watoto, na juu ya mke aende au asiende kliniki. Mjomba akabaki wa kuitwa kwenye harusi na misiba.

Baba amepata haki zote hizo bila kupata somo hata moja. Ratiba ya mafunzo ilibaki ile ile ya enzi alipokuwa mgeni kwa wakwe.

Angalia mambo yanavyokwenda nyumba inapokosa mtoto. Mwaka wa kwanza watu hunyamaza. Wa pili, shangazi na wifi wanaanza kuuliza, na wanamuuliza mwanamke. Anapelekwa kwa mganga wa kienyeji, anakunywa mizizi, anarudi kwa kungwi wake ili ikaguliwe kama kuna mwiko alioukosea, anapanda gari kwenda hospitali ya Ndanda au Mkomaindo kupimwa. Mume hapandi gari. Shirika la Afya Duniani na madaktari wa uzazi wamesema miaka mingi kwamba katika ndoa zisizopata mtoto, tatizo la mwanamume huchangia karibu nusu ya visa. Taarifa hiyo haina mlango wa kuingilia kwa mtu ambaye hajawahi kufundishwa kwamba mbegu zake nazo zinaweza kuwa na kasoro. Kwake kushiriki tendo na kuzalisha ni kitu kimoja. Atatafuta mke wa pili. Akikosa mtoto na huyo pia, watu watasema amelogwa na yule wa kwanza.

Sisemi kwamba wanaume wa kusini hawakuwahi kuitazama mimba kwa karibu. Wamakonde wana kinyago ambacho sijaona mfano wake kwingine: kifua na tumbo la mwanamke mjamzito, vimechongwa katika kipande kimoja cha mti mwepesi. Matiti yamesimama, kitovu kimetokeza, na juu ya ngozi hiyo ya mti zimewekwa chale zile zile walizochanjwa wanawake wa Kimakonde zamani. Kinyago hiki huvaliwa na mwanamume. Hukifunga kifuani, akaweka usoni kinyago kingine cha sura ya mwanamke kijana, akatoka kwenye sherehe za vijana wanaorudi kutoka jandoni na kucheza mwendo wa mjamzito: taratibu, mkono kiunoni, mgongo umerudi nyuma, akiinama kwa taabu. Watu hucheka. Vinyago vya namna hiyo vimehifadhiwa katika makumbusho ya Ulaya, kimya, nyuma ya kioo. Mtu aliyekivaa alibeba uzito ule kwenye jua la Newala, jasho likimtoka, na wavulana waliomtazama walikuwa wamekomaa kiasi cha kuelewa utani wake na kilicho chini ya utani. Lilikuwa somo dogo, la dakika chache, na bado ndilo la karibu zaidi na litiwo ambalo upande wa wanaume ulipata kuwa nalo.

Wageni waliokuja kutazama desturi zetu hawakulijali pengo hilo. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu kutoka jumba la makumbusho la Leipzig, alipita Masasi, Chingulungulu na Newala akiwa na kamera na mashine ya kunasa sauti, akakusanya nyimbo na picha, na mwaka 1908 akachapisha kitabu. Unyago ulimvuta sana, kwa sababu ndio uliofichwa. Wamisionari nao walikuwa na haja tofauti. Misheni ya Masasi ilikuwapo tangu 1876, ilipoanzishwa na Waanglikana wa UMCA pamoja na watu waliokombolewa utumwani, na kwa miaka mingi mapadri hawakujua wafanye nini na waumini wao waliokuwa wakitoroka kwenda kuchezwa. Padri Vincent Lucas ndiye aliyeona kwamba kukataza ni kazi bure. Mwaka 1913 likafanyika jando la Kikristo: msalaba mahali pa mti wa matambiko, padri kumbini, wahudumu wa afya wa misheni wakisimamia tohara. Lucas alipofanywa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, utaratibu huo ukawa sifa ya dayosisi yake, na waandishi wa mambo ya misheni wakaujadili hadi Uingereza.

Alipojaribu kufanya vivyo hivyo kwa wasichana, alikwama. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960, aliandika mwaka 1972 kuhusu kisa hiki cha Masasi, na kwa mtu aliyekulia kusini sababu za kukwama hazishangazi. Jando lingeweza kuchukuliwa na mapadri kwa kuwa mapadri ni wanaume, na wengi wao walikuwa Waafrika waliojua kumbi. Unyago ulikuwa wa wanawake wazee ambao hawakuwa na cheo kanisani, hawakuomba ruhusa, na hawakumwambia askofu kilichofanyika usiku. Ukiyasoma mabishano ya wakati ule, utaona jando lilijadiliwa kama suala la nidhamu na usafi, na unyago kama suala la uasherati. Mvulana aliyetahiriwa kwa wembe safi mbele ya msalaba alihesabiwa amekwisha kufundwa. Hakuna aliyeuliza anajua nini kuhusu yule msichana wa upande wa pili wa kijiji.

Ng'ambo ya Ruvuma mambo yalikuwa makali zaidi. Baada ya uhuru wa Msumbiji wa mwaka 1975, serikali ya FRELIMO iliziona ngoma za unyago kama mabaki ya ukandamizaji, na umoja wa wanawake, OMM, ukapewa kazi ya kuzipiga vita. Mtafiti Signe Arnfred, aliyefanya kazi na umoja huo mwanzoni mwa miaka ya 1980, ameandika baadaye kwamba wanawake wa Kimakua wa kaskazini ya Msumbiji hawakuelewa kwa nini wananyang'anywa mahali pekee walipokuwa na mamlaka yao wenyewe. Walikubali mikutanoni, wakaendelea kuchezana vijijini. Tanzania haikufika huko. Sisi tulichagua kalenda.

Karibu kila mwaka viongozi wa Mtwara na Lindi hurudia agizo lile lile: jando na unyago vifanyike wakati wa likizo, watoto wadogo mno wasichezwe, wali wasikose shule. Ni agizo zuri. Limesaidia mahudhurio na halina mpinzani wa maana, kwa sababu hata wenye shughuli wanataka mtoto asome. Lakini agizo la kalenda haligusi kinachofundishwa, na sheria za nchi nazo kwa muda mrefu ziliutazama zaidi mwili wa msichana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, huku mvulana akisubiri 18. Rebeca Gyumi alifungua kesi, Mahakama Kuu ikampa ushindi Julai 2016, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo Oktoba 2019. Shuleni, kanuni za mwaka 2002 zilifungua mlango wa kumfukuza mwanafunzi mjamzito kwa kosa la maadili, na Juni 2017 Rais Magufuli akatamka kwamba aliyezaa hatarudi. Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, akatangaza kwamba milango imefunguliwa, na waraka ukatoka.

Katikati ya hayo, mwaka 2016, Bunge lilirekebisha Sheria ya Elimu na kuweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Hapo mwanamume alionekana, na alionekana kama mhalifu. Kwa mtu mzima anayewinda watoto wa shule adhabu hiyo ni haki yake. Kwa mvulana wa kidato cha tatu aliyempa mimba mwenzake wa kidato cha pili, ni kumhukumu mtu kwa mtihani wa somo ambalo hakuwahi kufundishwa. Vijijini familia zinalijua hilo, ndiyo maana nyingi humalizana chini ya mwembe, jina la mvulana halitajwi, na binti anabaki na mimba yake na maswali ya walimu.

Sasa nije kwenye takwimu, maana zinaharibu picha ambayo wengi wanayo juu yetu. Kwa fikra za Dar es Salaam, mahali wasichana wanapochezwa unyago lazima pawe mahali pa kuzaa ovyo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015–16 ulikuta mwanamke wa Tanzania kwa wastani anazaa watoto 5.2 maishani mwake. Kanda ya Magharibi ilikuwa na 6.7. Kanda ya Kusini, yaani Lindi na Mtwara, ilikuwa na 3.8, chini kuliko kanda nyingine zote za Bara. Katika utafiti huo huo, mkoa ulioongoza nchi nzima kwa wanawake walioolewa kutumia njia za kisasa za uzazi wa mpango ulikuwa Lindi, kwa asilimia 52.

Sitaki kukimbilia kuusifu unyago kwa namba hizo. Idadi ndogo ya watoto pwani na kusini ilikuwa ikizungumzwa na wataalamu wa sensa tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, na sehemu ya maelezo yao ilikuwa ya huzuni: magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa na utasa uliotokana nayo. Talaka nazo ni nyingi, na mwanamke asiye na mume kwa miaka kadhaa hazai miaka hiyo. Bado, asilimia 52 haitokani na utasa. Inatokana na wanawake waliokwenda dirishani wakaomba sindano au kijiti. Mimi naamini, na hili ni langu, kwamba mwanamke aliyelelewa katika ukoo wa mama, aliyezoea tangu utoto kwamba mambo ya tumbo lake huzungumzwa na wanawake wenzake kwa uwazi, haoni haya ya kuuliza nesi. Kungwi alimzoesha kuuliza kabla nesi hajaajiriwa.

Njia zenyewe alizochagua ndizo zinazosema kilichobaki. Sindano haionekani. Kijiti kinakaa chini ya ngozi ya mkono na kinaweza kufichwa na mkono wa blauzi. Kila nesi wa zahanati amekutana na mteja anayeomba kadi yake ibaki kliniki, isiende nyumbani. Kufunga kizazi kwa mwanamume, upasuaji mdogo kuliko ule wa mwanamke, nchini hakufiki hata asilimia moja ya watumiaji. Wanawake wa kusini wamepunguza uzazi kwa juhudi zao, wengi wakiwa pamoja na waume zao na wengine wakiwazunguka.

Kuna nafasi moja iliyotupita bila kelele. Kuanzia mwaka 2010 hivi, Serikali na wafadhili waliendesha tohara kinga ya kuzuia VVU katika Iringa, Njombe, Mbeya, Kagera, Shinyanga na mikoa mingine ambako wanaume wengi hawakuwa wametahiriwa. Kila kijana au mtu mzima aliyeingia alipewa, pamoja na tohara, ushauri nasaha, upimaji wa VVU na maelezo ya kondomu. Mamia ya maelfu ya wanaume, wengi wakiwa katika umri wa kubalehe na kuendelea, walikaa mbele ya mhudumu na kuongea juu ya ngono na afya kwa mara ya kwanza maishani. Mtwara haikuwamo. Ilikuwa imekwisha tahiri. Mvulana wa Kinyakyusa akapata dakika thelathini za mazungumzo ambazo mvulana wa Kimakonde, mwenye utamaduni wa jando wa karne nyingi, hakuzipata.

Kliniki za wajawazito zilijaribu kumvuta mwanamume kwa amri. Mama aje na mwenza wake hudhurio la kwanza, wote wapimwe. Nia ilikuwa njema. Utekelezaji, kwingi nchini, ukageuka mzigo mwingine kwa yule yule: asiye na mwenza, au mwenye mwenza anayekataa, akaambiwa akachukue barua kwa mtendaji wa kijiji kueleza kwa nini yuko peke yake. Katika eneo lenye talaka nyingi na wanaume wanaofuata kazi mbali, barua hizo si chache. Wengine wamepatana na dereva wa bodaboda aketi kwenye benchi kama mume kwa asubuhi moja.

Kwa hiyo siungi mkono wanaosema wanaume waingizwe unyagoni ili wajifunze. Makungwi watakataa, na wana haki. Kumbi ndiyo nafasi pekee ambamo mwanamke wa huku anamcheka mumewe kwa sauti bila kuulizwa, na ukimketisha mume mlangoni somo lote limekufa. Mashirika yamewahi kuwaita makungwi kwenye semina na kuwaomba wapunguze hiki na waongeze kile, na baadhi wamefanya hivyo, wakaingiza habari za shule, VVU na kuchelewa kuzaa ndani ya mafundisho yao. Ngariba nao wameitwa, lakini kwao mazungumzo yaliishia kwenye wembe: usirudie mmoja kwa watoto wawili.

Kila mwaka, kabla ya likizo ya Desemba, watendaji, walimu, viongozi wa dini na wazee hukaa kupanga shughuli za kata zao. Ajenda inajulikana: tarehe, umri wa wali, mahudhurio ya shule, usalama, muda wa kuzima muziki. Inaweza kuongezwa nyingine, kuhusu wavulana waliotahiriwa miaka kumi iliyopita, ambao sasa wana ndevu na simu na wanafundishana wenyewe kwa wenyewe kwenye maegesho ya bodaboda. Waitwe na nani, waketi wapi, siku ngapi, na nani wa kusema nao. Gharama itakuwa ndogo, kwa kuwa hakuna kidonda cha kuuguza wala umati wa kulisha. Na kwa upande wa mwalimu, kusini tuna mtu ambaye desturi ilimpa mamlaka juu ya mpwa wake na ambaye tangu mikorosho izae amekuwa akikaa tu na kusubiri kuitwa harusini. Mjomba ana muda.